Mwiko Chini ya Shati
Nilipoanza kazi ghalani huku Euless, mji wa Texas, wenzangu waliniambia kwamba Texas hapandishwi cheo mtu asiyeficha bastola chini ya shati. Nikaamini kabisa, mimi mhitimu wa shule ya jioni. Bastola sikuwa nayo, na siku ya usaili wa kuwa msimamizi ikafika. Nikachomeka mwiko wa ugali kiunoni, nikaingia nikitembea kama mkuu wa polisi wa kaunti tatu.

Dada Njeri, mlinzi wa mlangoni, akauona uvimbe, akarudi nyuma.

“Kaka Deo, inua mikono. Una nini hapo?”

“Mwiko, dada.”

Akauchomoa, bado una ukoko, mbele ya bosi aliyekuja kunisaili. Nikawaeleza nilivyoambiwa kuhusu bastola na cheo.

“Kaka, bastola hairuhusiwi humu, hata kwa bosi. Aliye nayo huiacha garini.”