Mashahidi wa Kibandiko cha Pua

Mjomba wangu, fundi cherehani wa Litein, alikoroma hadi ng'ombe wa jirani wakapunguza maziwa. Siku moja, miaka ya tisini ikiwa imekolea, alichukua kile kiplastiki kigumu kinachosimamisha kola ya shati, akakibandika juu ya pua kwa plasta ya kidonda. Plastiki ikitaka kunyooka, matundu ya pua yakafunguka. Alilala kimya mpaka mkewe akamtikisa akidhani amekufa.

Sasa, kwetu ukiweka mpaka wa shamba unaita majirani waone, ili kesho asitokee mtu wa kuusogeza. Mjomba akafanya vivyo hivyo. Alikwenda kituo cha kuuzia majani ya chai, watu wakingoja lori, akapanda juu ya benchi na kibandiko puani.

"Mmeona ni nani ametengeneza?"

"Tumeona!"

Akamgawia kila mtu chake.

Baada ya miaka miwili, kinyozi mmoja wa pale sokoni akaanza kuviuza, akiapa ni akili yake.

Mjomba alipomkabili, kinyozi akacheka. "Mzee, kwani pua zote za hapa Bureti ni zako?"

"Pua ni zenu. Kibandiko ni changu!"

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, na mwalimu wa biashara alikuwa ametufundisha hataza: serikali inakuandikia kwamba ulichobuni ni chako, mwingine asikitengeneze bila ruhusa. Nilitaka sana kuona jambo hilo likitendeka. Nikampeleka mjomba kwa wakili mmoja mjini Kericho, na mjomba akaja na mashahidi wa kujaza kanisa.

Wakili akawatazama. "Mzee, hawa wote walikiona kabla hujaandikisha?"

"Wote! Uliza yeyote!"

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Na walienda nacho nyumbani."

Wakili akavua miwani. "Basi umechelewa. Hataza ni ya kitu kipya. Ukishawaonyesha watu na muda ukapita hivi, hakiandikishwi tena. Si kwako, si kwa kinyozi. Sasa yeyote anaruhusiwa kukitengeneza."

Shahidi mmoja akauliza polepole, "Sasa sisi tumesaidia ama tumeharibu?"

"Na kama ningekificha," mjomba akasema, "nani angejua ni changu?"

"Ungemwonyesha karani wa hataza kule Nairobi kwanza," wakili akajibu.

"Mtu ambaye hata hajui shamba langu liko wapi?"

Swali hilo nililipeleka darasani. Mwalimu alilizunguka kipindi kizima, kengele ikamwokoa.

Jumatatu mjomba aliingia kwa kinyozi. Nilimfuata mbio, nikitarajia vita vya dunia. Alichukua kibandiko kimoja mezani, akakikunja, akakinusa.

"Hiki kitabanduka. Hupangusi mafuta ya pua kwanza. Lete hiyo pua."

Kinyozi akarudi nyuma. "Mzee, si wakili alisema hata mimi naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa. Lakini soko lote linajua nani alianza. Kikianguka kwenye chai ya mtu, watanicheka mimi."

Kinyozi akaketi kwenye kiti chake mwenyewe, akainua uso.

"Pole pole basi, mzee."