Vibendera Vyekundu vya Pickering

Nyumbani kwa shangazi yangu, huko Malvern, kazi yangu haijawahi kueleweka. Nimesoma akiolojia, nikavuka bahari, na bado kila Jumapili baada ya ibada kuna mtu ataniuliza kama nimeshapata kazi ya maana. Basi Jumapili moja, chai ikiwa mezani na kina mama wa kikundi cha maombi wamejaa sebuleni, niliamua kuwachekesha.

Niliwasimulia habari za shamba la Pickering, mji jirani, ninakofanya kazi. Kabla kampuni haijajenga nyumba pale, sheria inataka ardhi ikaguliwe. Shamba linalimwa, tunangoja mvua ioshe udongo, kisha tunatembea kwa mstari, macho chini. Ukiona kibanzi cha jiwe kilichochongwa na watu wa kale, hukigusi. Unachomeka kibendera chekundu pale pale mpaka mpimaji aje kuandika mahali kilipo. Vibendera vikisongamana, basi hapo watu waliishi, na nyumba zitasubiri.

Shangazi alikuwa ameshaweka malipo ya kwanza ya mojawapo ya nyumba hizo. Aliweka kikombe chini.

Kuona hivyo, nikamwingiza katika hadithi mzee wetu wa kazini. Ni mwenyeji wa asili wa nchi hii, ametumwa na watu wake kushuhudia kazi yetu, na kila asubuhi huweka tumbaku kidogo chini na kuzungumza na ardhi kabla hatujaanza. Nasi hutugawia, kila mtu kidogo kiganjani ili naye aiweke chini, na mimi huipokea kwa adabu zote. Lakini pale sebuleni niliinuka, nikapinda mgongo, nikafumba jicho moja, nikanong'ona maneno yasiyo na maana huku nikinyunyiza sukari kwenye zulia. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilijiona mtu.

"Kumbe ni mganga!" akasema mmoja wao.

Sikumsahihisha.

Jumanne tulipofika kazini, shamba lilikuwa tupu. Vibendera vyote vilikuwa vimeng'olewa, na pale vilipokuwa hapakubaki hata kibanzi. Mpimaji alikuwa aje asubuhi hiyo hiyo. Msimamizi wetu akawalaani vijana wa mtaani. Nikiwa bado nimeduwaa, simu yangu ikalia. Shangazi, furaha tupu.

"Tumemaliza hiyo kitu, my dear! Jana tulienda na kina mama, tukaomba mpaka sauti zikakauka. Zile nyekundu zote tumeng'oa, na vile vijiwe vyao tumetupa mtoni. Hakuna mganga atafunga nyumba yangu, kwa jina la Yesu!"

Ningemgombeza kwa lipi? Kwetu tulikotoka, kitambaa chekundu kikichomekwa katika shamba la mtu, hakuna anayeuliza mara mbili: ni uganga. Na mganga nilimpa mimi mwenyewe, pamoja na chai. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilikata simu bila kuaga.

Mzee alikuwa amechuchumaa kando ya kitundu kilichoachwa na waya wa kibendera. Watu wake walikaa hapa, wakachonga mawe, wakapika, wakalea watoto. Sasa, bila vibanzi, ripoti yetu ingesema ni shamba tu, na matingatinga yangeingia.

Nilimwendea. Kiingereza changu chote kilinitoroka isipokuwa maneno machache.

"Si vijana," nikasema. "Ni shangazi yangu na wenzake wa kanisani. Waliogopa."

"Waliogopa nini?"

Nikakitazama kile kitundu.

"Wewe. Niliwaigizia unavyoomba. Wakacheka, kisha wakaogopa."

Alijipangusa udongo mikononi. Kisha akainuka, akafungua mfuko wake wa tumbaku na kuanza kuwagawia wenzangu, kama kila siku. Aliponifikia sikuthubutu kunyoosha mkono. Alisubiri.

"Mama yangu naye alifundishwa kuiogopa hii," akasema. "Kanisani vilevile."

Akanishika mkono, akaufungua, akaniwekea.

Wenzangu waliinama mmoja mmoja, wakaweka yao chini. Mimi nilibaki nimesimama, ngumi nimeikunja, tumbaku ikilowa jasho. Nilitaka kuinama. Lakini kila nilipoanza, mgongo ulijipinda vile vile ulivyojipinda sebuleni kwa shangazi, na mzee alikuwa ananitazama.