Ugali wa Mtu Mmoja

Daktari alizitazama karatasi zangu, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi. Damu yangu ililingana na ya mdogo wangu. Sukari ilikuwa sawa, presha sawa. Kilichobaki ni mwili wenyewe. Akasema, kwa upole ulioniudhi, kwamba nipunguze kilo kumi na mbili kwanza ndipo vipimo vingine viendelee, kwa sababu anayetoa figo hubaki na moja, na hiyo moja haifai kuachiwa mzigo ambao mbili zilikuwa zikihangaika nao.

Mdogo wangu alikuwa anaoshwa damu Bungoma mara mbili kwa wiki. Ni mwalimu, na siku ambazo hakuwa kwenye mashine alikuwa darasani akifundisha ameketi, maana miguu ilikuwa imekataa kusimama kipindi kizima. Mama alituzaa sisi wawili tu, jambo ambalo kule kwetu Kabuchai lilimletea maneno ya miaka mingi. Hakukuwa na foleni ya ndugu wa kuchagua. Nilikuwa mimi, na kilo zangu kumi na mbili.

Mama hatukumwambia. Tulikubaliana, mdogo wangu, mume wangu na mimi, kwamba mwenye watoto wawili hawezi kuambiwa kuwa wote wawili watapasuliwa siku moja. Tungemwambia mambo yakiwa tayari. Ulikuwa uamuzi wa woga, nilijua hivyo hata wakati ule, lakini niliutetea kuliko wote.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda Kibomet, mtaa wa Kitale, nashona sare za shule na za kwaya, na kwa miaka kumi na minane nimezungusha tepu kwenye viuno vya watu na kusoma namba kwa sauti bila haya. Siku ile niliizungusha kwenye changu, nikasoma kimoyomoyo, nikaitupa tepu kwenye kikapu cha vitambaa. Jioni nikatangaza kwamba mimi na ugali basi.

Mume wangu, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati wakiwa na githeri yao ya mahindi na maharagwe, alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mtu wa Bungoma aache ugali? Si ni heri uache kupumua."

"Nitaacha," nikamwambia. "Wewe kaa hapo uone."

Na niliacha. Wiki sita sikumega hata tonge. Niliwasongea wengine, nikageuza, nikaondoka mezani na sahani yangu ya mboga ya sukuma nikijiona shujaa. Majirani wote wa kibanda walijua. Wiki ya saba nikapanda kwenye mizani ya hospitali nikiwa nimevua viatu, saa na hata hereni. Nilikuwa nimepungua kilo moja. Nilitamani kuipiga teke ile mizani.

Wakanipeleka kwa dada wa lishe. Alikuwa msichana mdogo, mpole wa sauti, umri wa kuwa mwanangu, na hilo nalo liliniudhi. Nilikuwa nimeandika kila nilichokula kwenye daftari, kama nilivyoagizwa, nikampa nikijua ataona mateso yangu. Akasoma: asubuhi, chai tu. Mchana, sikula. Jioni, sukuma na mayai. Kesho yake, chai tu. Mchana, sikula.

"Mama, hii chai tu ilikuwa na nini?"

"Chai ya kawaida, ya maziwa."

"Sukari?"

"Kidogo. Vijiko vitatu."

"Na kando ya chai?"

Nikafikiri. "Mandazi mawili. Ama viazi vitamu, inategemea kuna nini."

"Na mchana ati hukukula kabisa?"

"Sikukula. Nilionja tu mahindi ya kuchemsha na jirani. Halafu mteja mmoja aliniletea mihogo, sasa ningemrudishia?"

Akaandika bila kucheka, na kwa hilo nilianza kumheshimu. Mimi mwenyewe ndiye niliyesikia maneno yangu yakidondoka pale mezani. Sikuwa nimemdanganya. Kwetu mtu anaweza kushiba githeri, akashushia na uji, na ukimuuliza saa kumi atakwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba hajakula tangu jana. Chakula ni ugali. Hayo mengine ni ya kungojea chakula. Kwa wiki sita nilikuwa nimengojea chakula kwa bidii sana, asubuhi hadi jioni.

Nilitoka pale nimekasirika, na mimi nikikasirika hufanya jambo kupita kiasi. Niliamua kukata kila kitu: ugali, mahindi, viazi, mkate, uji, nduma, hata maharagwe niliyashuku. Dada wa lishe hakuniambia hivyo. Alikuwa amenipa karatasi ya mpango wake, nikaikunja na kuiweka kwenye mkoba bila kuifungua, kwa kuwa nilishapata mafunzo ya kutosha kwenye simu, kwenye chama na kanisani baada ya ibada. Kila mtu alikuwa na habari moja, kwamba wanga ndio adui.

Kilo zilishuka kweli, na haraka. Wiki tatu nikawa nimeangusha nne. Lakini niligeuka mtu ambaye hata mimi nisingetaka kuishi naye. Kichwa kiliuma, tumbo lilifunga, na nikiinuka kwenye cherehani ukuta ulikuwa unazunguka kidogo. Nilimfokea mume wangu kwa sababu ya kutafuna. Nikashonea shati la mwanafunzi mikono miwili ya kushoto, mimi, fundi wa miaka kumi na minane.

Halafu siku moja mchana nikamwacha mteja amesimama nje, nikaingia nyuma ya pazia ambako watu hujaribia nguo, nikala nusu mkate. Mkavu, bila chai, nikiwa nimesimama. Mteja aliuliza kama kuna shida. Nikamjibu natafuta pini, mdomo umejaa. Nililia pale nyuma ya pazia, kwa hasira zaidi ya huzuni, maana niliona wazi kwamba mdogo wangu yuko kwenye mashine na dada yake ameshindwa na mkate. Wiki hiyo sikusimama kwenye nusu mkate. Kilo tatu kati ya zile nne zilirudi kabla ya mwezi kwisha.

"Nani alikukataza ugali?" dada wa lishe aliniuliza.

"Si kila mtu anasema ndio unanenepesha?"

"Mama, mimi nilikuandikia ugali kwenye ile karatasi. Uliisoma?"

Nikaitoa kwenye mkoba, bado imekunjwa vilevile. Tukaisoma pamoja. Ugali ulikuwepo, mchana na jioni, wa ukubwa wa ngumi yangu. Unga uwe wa posho usiokobolewa, au wa wimbi na mtama. Nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo maharagwe au samaki au yai. Nikila viazi vitamu, basi hivyo ndivyo ugali wa saa hiyo. Chai bila sukari, na mandazi yaende kwa wenyewe. Akaniambia hatafuti mtu aliyekonda kwa hasira. Anatafuta mwili utakaopasuliwa, upone, urudi kwenye cherehani na ubaki hivyo miaka yote. "Utaishi bila ugali hadi lini?" aliuliza.

"Na uwe na sahani yako," akaongeza. "Ukimega kwenye ule wa katikati, hakuna anayejua umekula kiasi gani. Hata wewe."

Kwangu Kibomet haikuwa shida. Kwa mume wangu kila mtu hupakuliwa chake. Nikaanza tena, polepole na bila kutangaza. Nilikunja ngumi juu ya ugali, nikakata, nikasogeza sufuria mbali. Siku za kwanza niliinuka mezani nikiwa naweza kula mwingine kama huo, na niliinuka hivyo hivyo. Kichwa kikaacha kuuma. Miezi mitatu ikapita, nikawa nimepungua kilo saba kutoka pale nilipoanzia. Zilibaki tano.

Kabuchai ilikuwa habari nyingine. Nilikuwa nimeikwepa miezi yote hiyo kwa visingizio vya sare za shule. Jumapili moja sikuwa na kisingizio tena. Mama alikuwa amesonga ugali wa wimbi, akaugeuza kwenye sinia, akauweka katikati kama tulivyozoea tangu utoto, na kuku kando. Mdogo wangu pekee ndiye aliyekuwa na sahani yake. Tangu aanze mashine, mboga zake zilichemshwa kivyake na maji yakamwagwa, bila chumvi, na maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe. Mama alikuwa amelia siku ya kwanza kumtengea sahani. Hilo nilisimuliwa, sikuwepo, na labda ndiyo sababu sikulikumbuka pale nilipofungua mdomo.

"Mayi," nikamwambia Mama, "nipe sahani, nikate wangu kando."

Mama alikuwa bado ameshika mwiko. Nilidhani ataniuliza kama tumekosana, maana kwetu anayejitenga na sinia ana neno moyoni. Nilikuwa nimejiandalia jibu la mzaha. Yeye akauweka mwiko chini, juu ya sakafu, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Wewe pia?" akasema. "Wewe pia wanakuosha damu?"

Nilihisi aibu ambayo sijawahi kuihisi tena. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Tukamwambia, mimi nikianza na yeye akimalizia: kwamba siumwi, kwamba nataka kumpa figo moja, kwamba nimekuwa nikipungua kwa ajili hiyo tangu mwaka jana. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na hiyo moja ikikataa?"

"Madaktari wanasema—"

"Nimekuuliza wewe."

"Sijui, Mayi."

Alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko hadi kuku akapoa. Aliporudi alisema jambo moja tu, kwamba tulimficha kama mtoto. Hakuna aliyekula vizuri siku hiyo. Nilirudi Kitale nikijua nimemwongezea mzigo wa pili juu ya ule aliokuwa nao, na nikijua pia kwamba sitaacha.

Baada ya wiki moja mdogo wangu alinipigia simu. Mama alikuwa ameshinda siku mbili jikoni akisonga viugali vidogo na kuvitupia kuku. Mdogo wangu alikuwa amemweleza kipimo changu cha ngumi; Mama akamwambia akunje yake, akalalamika kwamba mkono wa mwanawe ni mkubwa kuliko wangu, akatumia ngumi yake mwenyewe. Ijumaa mzigo ukafika kibandani kwangu: mifuko kumi na minne ya karatasi, kila mmoja umekunjwa mdomo, na ndani unga wa wimbi, mtama na mihogo kidogo. Kila mfuko ulitosha ugali mmoja wa ngumi moja, si zaidi. Kwetu hakuna anayesonga ugali wa mtu mmoja. Hakuna hata sufuria yake. Nilinunua kasufuria ka kuchemshia maziwa ya mtoto, nikausonga humo, mume wangu akitazama bila mzaha wowote.

Mifuko ilikuja kila Ijumaa kwa miezi mitatu. Haikuja na salamu wala barua. Nikipiga simu Mama aliniuliza habari za mvua. Mara moja mfuko mmoja ulizidi kidogo, nikadhani amekosea, kisha nikakumbuka ni wiki niliyokuwa na homa.

Siku ya mizani ya mwisho alikuja hospitalini na mdogo wangu, amevaa gauni la kanisani. Nilipanda. Kilo zilikuwa zimetimia na nusu juu yake. Daktari akatuketisha sote, akaeleza tena hatari zote, zangu na za mdogo wangu, moja moja, bila kutuficha kitu. Mume wangu alikuwa ameshatoa neno lake. Daktari akamgeukia Mama, akamuuliza kama yeye anakubali.

Mama alinyoosha gauni magotini. "Mimi hukataa kila asubuhi nikiamka," akasema. "Halafu napima unga."

Daktari alishika kalamu asiandike. Mdogo wangu alikuwa anatazama dirishani. Mama akamwambia daktari aandike, kwamba hilo ndilo jibu lake na hana lingine.