Vigae vya Jiko la Baba

Harufu ya magadi yaliyoyeyushwa katika maji moto hunirudisha Nakuru ya miaka ya hamsini, kwenye kibanda cha jiko nyuma ya chumba chetu, nikiwa na umri wa miaka tisa na sina wa kuongea naye. Baba alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja upande wa juu wa mji. Mama alibaki kwetu magharibi akimuuguza nyanya, na mimi nililetwa mjini kusoma. Baba aliondoka alfajiri, akarudi jioni. Nikitoka shule nilisikia filimbi za treni na upepo wa ziwani ukigonga mabati, basi. Nilikula kiporo peke yangu nikizungumza na sufuria.

Nyanya alipofariki, Mama alituma habari kwamba atakuja kutazama. Kutazama, si kukaa. Alikuwa amesikia kwamba wanawake wa mjini hupikia kwenye matope. Siku hizohizo Mzungu alibadilisha vigae vya jiko lake, akamwamuru Baba avifukie vile vya zamani. Baba akavileta kwa baiskeli, gunia baada ya gunia: vigae vya rangi ya maziwa vyenye maua ya samawati, vyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. “Mama yako akipenda jiko, atabaki,” aliniambia. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kwa wiki mbili nilisugua. Niliviloweka katika magadi, nikavisugua kwa majivu na gunzi la hindi mpaka maua yakajitokeza, moja baada ya jingine. Haba na haba hujaza kibaba. Baba alivipanga sakafuni kwa saruji ya kuombaomba, vilivyovunjika akavisukuma pembeni chini ya rafu, mianya tukaiziba kwa chokaa. Mwisho nilivipaka nta ya mshumaa na kuving'arisha kwa kitambaa hadi nikauona uso wangu. Lakini magadi yalikuwa yameila mikono yangu; viganja vilipasuka vikatoa damu. Baba alipoviona aliingiwa na hofu. “Jeni, Mama asijue. Atasema nimekufanya kijakazi. Akiuliza, wewe nyamaza.”

Mama alifika na treni ya asubuhi. Alisimama mlangoni mwa jiko, hakuingia.

“Hii kazi ni ya nani?”

“Ni yangu,” Baba akajibu.

Mama akacheka bila furaha. “Wewe? Na hiyo mikono ya jembe? Baba Jeni, hapa kuna mkono wa mwanamke.” Akanigeukia. “Jeni, nani huwa anakuja hapa?”

Nilificha mikono nyuma. “Sijui, Mama.”

Hakuna jibu baya kuliko hilo ambalo ningeweza kutoa. Baba aliapa kwamba hakuna mwanamke yeyote, ila mikono yangu hakuitaja, na mimi nilikuwa nimekatazwa. Treni ya jioni ilimrudisha Mama kwao, hata maji hakugusa. Mimi nikaachwa na Baba kwa ajili ya shule. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nililisikia, na guu likavunjika vilevile. Miaka mitatu nilipika peke yangu juu ya vigae vile, nikivichukia kila asubuhi.

Leo ninaishi Kiamunyi, nje kidogo ya Nakuru. Fundi aliniwekea vigae vya dukani kwa siku mbili, na mafuta yakimwagika napitisha kitambaa tu. Mama alikuja kunitembelea akiwa kikongwe, Baba tukiwa tumekwisha kumzika, na hapo ndipo nilipomwambia nani aliyevisugua vigae vile. Alinishika mikono, akaigeuza, akavitazama viganja muda mrefu akitafuta mipasuko iliyopona zamani. Hakusema pole. Aligonga sakafu yangu kwa mkongojo wake.

“Hivi vyako vipya,” akasema, “having'ai kama vile vya zamani.”

Nililia mbele ya wajukuu wangu, wala sikuona haya. Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu siku ile niliposimama jikoni, nimeficha mikono nyuma.