Ngamia mwenye chapa ya T

Kutoka Lodwar hadi Kakuma, kompyuta zikisikia jina langu zinasimama wima.

Cheka tu. Tovuti ya mifugo waliopotea nimeitengeneza mimi, na shule niliachia darasa la saba.

Wiki iliyopita nilichoka na watu wa kutafuta kwa kuandika herufi moja ya chapa, halafu wanaletewa wanyama wote wa Turkana. Nikaweka sheria: chini ya herufi tatu, haitafuti.

Leo akaja kibandani kwangu mzee wa Lorugum, amepoteza ngamia.

"Ejok, kijana," akanisalimu. "Siku ya nne leo, simu inaniambia niandike zaidi."

"Basi andika zaidi, mzee wangu. Acha uvivu."

Akaniangalia polepole.

"Chapa yake ni T. Unataka nimchome herufi mbili zingine?"

Kibanda kizima kikacheka. Hata mimi.

Nikaiondoa ile sheria, nikaandika T. Ngamia huyo hapo, picha safi, amefungwa Kakuma. Nikampigia aliyempata.

"Alikaa hapa siku zote hizi," akasema. "Jana jioni akakata kamba, akaenda."

Mkiona ngamia mwenye T pajani, niandikieni hapa chini, hata herufi moja.

Mzee anaulaumu mtandao. Mtandao ulikuwa sawa. Aliyemficha ngamia wake ni mimi.