Zabibu za Kinyozi na Sukari ya Mama Mkwe

Kinyozi alikuwa na mizabibu nyuma ya kibanda chake, na kila mwaka alitengeneza mvinyo mweupe mkavu, yaani ule ambao hamira imekula sukari yote ya zabibu ukabaki ukali mtupu. Zabibu zenyewe, ndogo za kijani, alizichuma zingali chachu. Majirani walidhani anawawahi wezi, kumbe anautaka ule ukali. Wateja wote waliusifu mvinyo huo. Ila aliwaonjesha wembe ukiwa shingoni. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Mkewe hakuwa na wembe shingoni. "Baba Pacha, nitafutie mnunuzi mmoja tu ambaye hujampaka povu. Ukimkosa, mizabibu naing'oa, napanda kabichi."

Basi kinyozi akamwalika mpishi wa hoteli aje Jumamosi. Mpishi ana kipara kinachong'aa. Hana haja ya kinyozi, wala ya kumwogopa.

Mama mkwe naye alikuwa amekuja kuwatembelea. Alionja kijiko kimoja, akakunja uso hadi miwani ikamshuka puani. Maskini mkwe wangu, mgeni atanyweshwaje kitu kama ndimu? Jumatatu, kinyozi akiwa kazini, akaingia stoo, akamimina sukari kwenye pipa la mvinyo, pakiti baada ya pakiti, akaliziba kwa upendo.

Jumamosi asubuhi kizibo kiliruka kikagonga dari.

"Nani kagusa pipa langu?"

"Mimi, mwanangu. Wala usinishukuru."

Kinyozi akameza matusi yote aliyoyajua, akatoka nje kuyatapika kwenye mizabibu. Huko huko akakutana na mpishi anabisha hodi. Afanyeje?

"Mzee, pipa limetiwa sukari. Onja, kisha ukienda zako sikulaumu."

Mpishi akaonja. Akafumba jicho moja. Akaonja tena.

"Mbona sukari siioni?"

"Hamira imeila."

"Yote?"

"Wiki nzima inakula, utadhani shemeji zangu."

"Hao ni ndugu zangu, ujue!" mkewe akadakia.

Mpishi alikuwa anacheka. "Mkavu kwelikweli, halafu unatekenya ulimi kwa mapovu. Samaki wangu wanautaka hivi hivi. Utie kwenye chupa nene kabla mapovu hayajaisha. Pipa lote nachukua."

Mama mkwe naye akaonja, akatema. "Sukari yangu yote hiyo! Mwakani naleta asali."

"Kabichi basi tena," mkewe akasema. "Ila ufunguo wa stoo, Mama, utakaa kwangu."

Kinyozi alitamani kumbusu palepale, lakini mama mkwe alikuwa anamtazama.