Hadithi Niliyoharibu Mbele ya Koko

Wee, furaha ya siku ile ingali inanichemka mwilini! Nilikuwa naandika memware yangu, ile kazi ya kumaliza iniversite, juu ya mwanamuke mweusi wa Amerika, muandishi wa riwaya, aliyezunguka vijiji vya kwao akikusanya hadithi za watu wake. Nilimupenda mupaka nikasahau kula. Nikajiambia: na mimi je? Koko, mama ya baba yangu, alikuwa na hadithi tele kule kijijini Kalengera, lakini tangu vita vimulete kwetu mujini, mutaa wa Mapendo, hakuwa ametoa hata moja. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba atakwenda nazo kaburini.

Basi nikakaa mbele yake na karneti ya kuandikia, biki ya wino, na telefone ya kurekodi. Koko kuona biki, akanyoosha mugongo, akaanza: kwa nyumba tuko watu saba, tumetoka Kalengera, bashi ya kufunika nyumba hatujapata, maharagi hatujapata. Jamani! Alinidhania mutu wa kuandika liste ya misaada, mimi mujukuu wake! Nikamuuliza hadithi ya fisi, akajibu sabuni nayo imeisha. Mama jirani akasikia, akaja mbio na jetoni yake ya kupokelea misaada.

Nilikasirika hadi machozi. Kisha nikakumbuka: yule mama wa Amerika naye, mara ya kwanza alikwenda na maswali ya kisomi, na watu hawakumupa kitu. Ilibidi akae nao, aongee kama wao. Nikatupa karneti kitandani, nikavuta sahani ya maharagi tukachambua pamoja, nikaanza kusimulia mwenyewe ile ya fisi na ng'ombe. Niliiharibu vibaya sana. Nilipofikisha fisi sokoni, Koko akanishika mukono.

"Acha! Fisi hakwenda soko. Nani alikufundisha upumbavu huu?"

Akaichukua yeye. Aliimba, akalia kama fisi, kitambaa cha kichwa kikaanguka. Mimi nilicheka mupaka maharagi yakamwagika, na sikuandika hata neno.

Alipomaliza, akataka kujua huyo mama wa Amerika ninayemuimba kila siku aliishia wapi. Nikamuambia ukweli: alikufa masikini, vitabu vyake vikasahauliwa, watu wakavitafuta baadaye, yeye akiwa hayuko tena.

Koko akasukuma sahani pembeni.

"Mie sitangoja nikufe kwanza njo munitafute. Kaa, kuko hadithi ingine."